Neno Nililoliruka Kwenye Kijitabu cha Kidenmark

Juzi mmoja wenu alinijia na simu yake kunionyesha maajabu. Aliipiga picha karatasi ya sera ya kampuni fulani, Kiingereza kitupu, na kabla sijavaa miwani yangu sawasawa karatasi ikawa imegeuka Kidenmark. Nikaisoma yote. Haikuwa na kosa. Akaniuliza, "Bibi, nyinyi hii mlikuwa mkiifanya siku ngapi?" Nikamwambia siku nne, mara nyingine tano, na bado tulikosea. Akacheka, nami nikacheka, lakini alipoondoka nilibaki na kikombe changu nikiikumbuka Guangzhou, kule Uchina, mpaka chai ikapoa.

Basi nimeona niwaandikie, nyinyi mnaoingia kazi hii ya tafsiri nikiwa nimeshatoka. Msinitarajie kuwa msomi. Mimi ni Mwanaisha wa Tanga. Kidenmark changu nilikiokota kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali moja mjini Aarhus, Denmark, nilikokaa miaka kumi na moja kwa sababu ya mume ambaye baadaye tuliachana. Kiingereza changu ni cha shule. Kwa mtaji huo nilifanya kazi Guangzhou ile miaka ya mwisho ya tisini, nikigeuza Kiingereza cha sera kuwa Kidenmark. Yako mengi ya kuchekesha na nitawaambia baadhi, lakini hasa nataka mjue habari ya sentensi moja niliyoiharibu, na wasichana kama sitini waliokuwa wakishona kwenye ukumbi ambao mlango wake wa dharura ulifungwa kwa mnyororo.

Sikwenda kule kutafsiri. Nilikwenda kununua nguo za watoto za duka langu. Siku hiyo nilikuwa Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla ambako ukisimama kuvuta pumzi unasukumwa na toroli. Mbele yangu Mzungu mmoja mrefu aligongwa kisigino na hamali mzee aliyejitwisha robota. Mzungu akamtukana polepole, kwa Kidenmark, kama mtu mwenye uhakika kwamba hakuna anayemsikia. Nikamwambia kwa Kidenmark kilekile cha chumba cha kufulia: "Huyu baba amebeba robota zima. Wewe umebeba nini?" Alikuwa amebeba mkoba wa karatasi.

Aliiva masikio. Akamwomba radhi hamali kwa Kiingereza, akaniomba radhi mimi kwa Kidenmark, kisha akataka kujua mwanamke mweusi mwenye mtandio ameipata wapi lafudhi ya Aarhus. Huyo ndiye Torben, meneja wa ofisi ya kampuni ya nguo ya kwao. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu, ghorofa ya saba, upande wa Xiaobei. Wiki iliyofuata nilikuwa na meza yangu. Wapo watu hupata kazi kwa barua na vyeti. Mimi niliipata kwa kumgombeza bosi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makao makuu yaliandika sera zao kwa Kiingereza, kwa kuwa nguo zao zilishonwa nchi nyingi. Kwetu Kiingereza hicho kiligeuzwa mara mbili: Kichina kwa ajili ya viwanda, na Kidenmark kwa ajili ya maduka, wateja, na vyama vya wafanyakazi kule kwao. Nilimuuliza Torben kwa nini Kidenmark hakifanywi Denmark. Akasema aliyekuwa akikifanya ameacha kazi, na mimi nipo. Ofisi nyingi duniani huajiri kwa hoja hiyo.

Aliyefanya Kichina alikuwa Lao Kuang. Hilo "Lao" wao huliweka mbele ya jina la mtu mzima kama sisi tunavyosema Mzee, kwa hiyo mimi nilimwita Mzee Kuang na akakubali. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, mtu mkavu, mwenye chupa ya kioo ya chai isiyokwisha majani, na mikono ya nguo iliyovikwa mifuko ya kitambaa ili wino usimchafue. Ametangulia sasa, na sijapata mwalimu mwingine kama yeye. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi ya sera, akaniacha nihangaike nayo asubuhi nzima, kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Unaisoma vibaya," akasema. "Unaisoma kama barua. Hii haikuandikwa ili isomwe. Imeandikwa ili siku ya ugomvi kila mtu apate pa kujificha."

Tukawa na sanduku la viatu alilolitoa soko la Zhanxi, na ndani yake kadi. Kila msemo wa sera ulikuwa na kadi yake: Kiingereza juu kwa penseli, Kichina chake kwa wino mwekundu, Kidenmark changu kwa wino wa buluu. Ule msemo wa "kampuni inajiwekea haki ya" ulikuwa na kadi iliyochakaa kama noti ya sokoni, maana haukosekani popote. Nakumbuka siku tulipofika kwenye ule wa kutenda jambo bila kukawia kusiko na sababu. Nikajivuna kwamba Kidenmark kina msemo wake tayari, *uden unødigt ophold*, nikauandika.

"Vizuri," akasema Mzee Kuang. "Sasa niambie, kukawia ambako kuna sababu ni siku ngapi?"

"Sijui."

"Kiingereza nacho hakijui. Basi hakikisha na Kidenmark chako hakijui."

Wanangu, hilo mlishike. Mtu akiandika jambo waziwazi, lifikishe wazi. Mtu akiandika ukungu, mfikishie ukungu wake, tena uleule, usiuzidishe wala usiupunguze. Si kazi yako kumpangusia kioo. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nilichokuja kukifanya baadaye sina pa kukiegemeza.

Kabla sijafika huko niwaambie habari ya herufi. Kidenmark kina herufi ambayo ni duara lenye mstari wa kulikata katikati, na kompyuta yetu haikuwa nayo. Nilikuwa nikiacha nafasi, kisha naijaza kwa kalamu. Safari moja kazi ilikwenda kwa mpiga chapa ikiwa kwenye disketi, nami nikasahau kuzijaza. Fundi wa pale alikuwa mtu wa bidii, Mungu ampe heri. Aliona mapengo, akaona kwenye mfano wangu kitu cha duara, akayaziba yote kwa sifuri. Maboksi yakaja, na kila ukurasa ulikuwa umejaa sifuri katikati ya maneno. Torben aliweka kichwa juu ya meza. Mzee Kuang akachukua kijitabu kimoja, akakitazama, akachovya kalamu yake nyembamba, akaipiga sifuri mstari wa mshazari. Ikawa herufi. Siku mbili sote watatu tulikaa tukikata sifuri, na Mzee Kuang, aliyekuwa na mkono mzuri wa maandishi, alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mpaka leo nikiona sifuri mkono unaniwasha.

Na sasa niwatajie Rukia, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Rukia alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, mnunuzi wa viatu vya kike, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa. Mchana tulikuwa tukila pamoja tambi za nyama kwa Waislamu wa kule wenye mkahawa karibu na ofisi. Hapo ndipo nilipokuwa na kawaida yangu ya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Msemo wa sera ukinishinda, niliugeuza kwanza Kiswahili na kumsomea Rukia. Akiuelewa, najua na mimi nimeuelewa, narudi ofisini kuuandika kwa Kidenmark. Asipouelewa, namuuliza Mzee Kuang. Kilikuwa kipimo kizuri. Nawapeni bure: tafuteni mtu mmoja asiye na haja na karatasi yenu, mumsomee wakati ana njaa.

Kile kijitabu kilikuwa cha masharti ya viwanda vinavyotushonea. Kurasa kumi na mbili, sharti moja kwa mstari mmoja, rangi ya kijani. Sharti la saba lilihusu milango ya dharura: iachwe bila kufungwa saa za kazi, na mwishoni wakatia yale maneno mawili ya Kiingereza, *where practicable*, yaani pale inapowezekana. Kadi yake tulikuwa nayo sandukuni siku nyingi. Hapakuwa na cha kunishinda. Lakini siku hiyo Rukia alikuwa na hasira za muuzaji aliyemzungusha tangu asubuhi, akaniambia, "Da Mwana, nisomee hiyo ya leo nipate kucheka."

Nikamsomea.

"Pale inapowezekana," akarudia. "Mlango huo una nini hata usiwezekane? Una mimba?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mlango hufunguka ama haufunguki, dada. Hao wamekwandikia *mei you*, wakaivisha suti."

Mei you ni neno la kwanza analolijua kila mfanyabiashara aliyepita kule. Maana yake hakuna, na muuzaji akishalisema bila kukutazama machoni, usipoteze muda wako. Nilicheka mpaka nikapaliwa na mchuzi.

Nikarudi mezani na kicheko hichohicho. Kidenmark cha sharti la saba kilikuwa kirefu, kilivuka mstari, na mpangaji wa kurasa alikuwa ameonya kila sharti lisizidi mstari wake. Nikaangalia pa kupunguza. Nikayatazama yale maneno ya mwisho, nikamsikia Rukia, na mkono ukayaacha. Mstari ukabaki na nafasi kidogo, nikaona ungetulia nikiongeza neno fupi, *altid*, daima. Milango ya dharura lazima iachwe daima bila kufungwa saa za kazi. Ilikaa vizuri kabisa. Kilikuwa Kidenmark cha watu, kama walivyokisema wale akina mama wa chumba cha kufulia, na nikajiona fundi.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana kuacha neno kila mtu huacha. Tulikuwa na utaratibu wa ukaguzi. Mzee Kuang hakujua Kidenmark, kwa hiyo alishika Kiingereza mkononi, nami nikimsomea Kidenmark changu kwa kukirudisha Kiingereza, mstari kwa mstari. Tukilingana, anatia saini yake chini ya yangu. Lakini nilikuwa nimeshafanya kazi ile muda mrefu, sera zote nilizijua kwa moyo. Tulipofika sharti la saba jicho langu lilikuwa kwenye karatasi na mdomo ukasoma kutoka kichwani. Nilisema "pale inapowezekana" kwa sauti, neno ambalo halikuwapo mbele yangu. Mzee Kuang akasikia kinacholingana, akatia saini. Mgeni wa kazi asingekosea hivyo, kwa sababu mgeni angelazimika kusoma.

Kijitabu kikaenda. Miezi ikapita, mvua zikaja zikaisha, nikasahau.

Kisha akaja Inger. Alitumwa na chama cha washonaji wa Denmark kuangalia kama masharti yanafuatwa. Mwanamke mfupi, viatu vya wazi, nywele kakata mwenyewe. Alikuwa ameshona suruali miaka ishirini kabla ya kuanza kuwasemea wenzake, na ukimpa mkono unazisikia sugu za vidole. Nilimpenda papo hapo kwa sababu alinikumbusha Aarhus. Kile kijitabu cha kijani kilikuwa mkobani mwake, kimepigiwa mistari kwa penseli.

Tukaenda kiwandani, kaskazini mwa mji, Torben, Inger, Mzee Kuang na mimi. Mwenye kiwanda, Laoban Deng, alitupokea kwa matunda na sigara. Laoban ni bosi, na huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wasiwasi. Ghorofa ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu ilikuwa ya suruali za watoto. Mashine zilijipanga kwa safu, wasichana wameinamia, vumbi la kitambaa hewani. Mwisho kabisa wa ukumbi alikaa msichana mmoja, jina lake A-Ping, wa kutoka mkoa wa Hunan, kigoda chake kimegusa mlango. Nilimuuliza kupitia Mzee Kuang kama anapapenda hapo. Akasema anapapenda, hakuna anayepita nyuma yake.

Hakuna aliyepita kwa sababu mlango ule ulikuwa na mnyororo na kufuli.

Inger aliweka mkono juu ya kufuli. "Mwanaisha, mwambie afungue."

Laoban Deng akaeleza kwamba nguo zilikuwa zikitorokea mlango huo. Tena sera ya kampuni, akasema, inaruhusu: pale inapowezekana, na hapa haiwezekani. Inger akafungua kijitabu chake, akaweka kidole kwenye sharti la saba, akalisoma kwa sauti, na lile *daima* akalikazia. Laoban Deng hakujua neno hata moja la Kidenmark, lakini alimjua mtu asiyeondoka. Akashika bunda la funguo kiunoni, akachagua mmoja.

Hapo Torben akasema, "Subiri kidogo." Alikuwa na Kiingereza mkononi. Akakitazama, akakitazama kijitabu, akanigeukia. Wadenmark hawana shikamoo wala bibi, humwita kila mtu jina lake tu, na mimi alinifupisha: "Aisha, kipi ndicho?"

Nitawaambia kilichopita kichwani mwangu, msije mkadhani nilikuwa shujaa. Ningeweza kusema Kiingereza nilichopewa mimi hakikuwa na maneno hayo, kwamba yaliongezwa baadaye. Wangeamini. Ufunguo ungeingia kwenye kufuli. Lakini chini ya kazi ile palikuwa na saini ya mtu aliyekagua Kiingereza kikiwa mkononi, naye alikuwa amesimama pembeni yangu na mifuko yake ya kitambaa mikononi. Uongo wangu ungemwangukia yeye. Nikamtazama Mzee Kuang. Alikuwa ameshaelewa, nilimwona usoni.

"Kosa ni langu," nikasema. "Kiingereza kinasema pale inapowezekana. Niliyaruka, na neno daima nililiweka mwenyewe."

Mzee Kuang akamfasiria mwenye kiwanda, neno kwa neno, kama ilivyo haki. Laoban Deng akaurudisha ufunguo kiunoni. A-Ping hakuinua kichwa, alikuwa na kazi.

Tukaingia garini. Tulipofika kwenye foleni za mjini Inger akasema, akitazama mbele. "Ningefurahi ungekuwa mwongo kwa dakika tano tu."

Nililia. Niligeukia dirishani ili Torben asinione, nikalia kama mtoto, kwa sababu nami ningefurahi. Mzee Kuang akanipitishia chupa yake ya chai. Hakuwahi kumpa mtu chupa ile.

Asubuhi yake Torben alinipa kazi: niandike karatasi ya masahihisho, mistari miwili, itiwe ndani ya kila kijitabu kilichoko madukani Denmark. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Nikavuta sanduku la kadi. Kila pa kujificha palikuwa humo: kwa mujibu wa mazingira, kadiri itakavyoonekana inafaa, kwa kuzingatia hali halisi. Nikaandika, nikafuta. Mzee Kuang akaja, akafunika sanduku.

"Hii si sera," akasema. "Hii ni kuomba radhi. Kuomba radhi hakuna kadi."

Basi nikaiandika kwa Kidenmark cha chumba cha kufulia. *Tulikosea. Tuliandika kwamba milango ya dharura viwandani huachwa daima bila kufungwa. Hatukuahidi hivyo. Tuliahidi kuiacha bila kufungwa pale inapowezekana tu.* Sikuongeza hata nukta, nilikuwa nimekoma. Safari hii nilipomsomea Mzee Kuang niliweka kidole chini ya kila neno.

Mchana nikampelekea Rukia kwa Kiswahili. Alikuwa ameshainua tambi, akazirudisha bakulini.

"Na hii wataiweka dukani? Mama aje kumnunulia mwanawe suruali, aisome?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Hawathubutu," akasema Rukia. Kisha akanishika mkono. Siku zote alijilaumu kwa lile neno la mimba, na siku zote nilimwambia kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Torben aliisoma ile karatasi mara mbili. "Hakuna namna ya kuilainisha?"

"Ipo," nikasema, "sanduku zima. Lakini nikiilainisha nitakuwa nimekosea mara ya pili, na safari hii kwa kukusudia."

Akakaa. Akatazama nje, kwenye yale madirisha ya jirani yaliyojaa nguo zilizoanikwa. Kisha akaitia kwenye faksi yeye mwenyewe, pamoja na ukurasa wa Kiingereza na ukurasa wa kijitabu. Nilihesabu nimefukuzwa. Nilianza hata kuuliza habari za nafasi ya mizigo ya kurudi nayo Tanga.

Siku ya nne faksi ikajibu. Mistari miwili ya Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikuona ndani yake hata msemo mmoja wa sandukuni. Masahihisho yasichapwe. Kiingereza cha sharti la saba kibadilishwe kilingane na Kidenmark, na Kichina vilevile, vipelekwe viwandani.

Sijui kama ni karatasi yangu iliyowaaibisha au ni Inger aliyewapigia kelele alipofika kwao. Nadhani ni vyote. Ninachojua ni kwamba Mzee Kuang alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Akasema amefanya kazi na maneno maisha yake yote na hajapata kuona asili ikiamriwa kuifuata tafsiri. Kisha akaandika Kichina kipya cha sharti la saba kwa mkono, kwa ile kalamu nyembamba, kabla ya kukipeleka kompyutani. Niliitunza karatasi ile muda mrefu, ikaja kunipotea wakati wa kuhama.

Msichukulie kisa hiki kama ruhusa. Wapo watakaosema bibi aliharibu kazi na mlango ukafunguka, basi tuharibu. Hapana. Niliharibu kazi, na mlango ukabaki umefungwa. Ufunguo niliuona ukirudi kiunoni kwa macho yangu. Ulifunguka nilipokiri kosa bila kulivisha suti. Ningelitetea, au ningelifunika kwa kadi, wangechapa kitu kizuri cha kuteleza, na mnyororo ungekuwa pale mpaka uote kutu.

Niliacha kazi ile mwaka uliofuata, Torben aliporudishwa kwao. Rukia ana wajukuu sasa, Mombasa, na akinipigia simu bado ananiita Da Mwana na kuniuliza kama milango inawezekana. Natamani siku moja tu ya zile. Natamani ule mchuzi, na sauti ya toroli, na Mzee Kuang kusimama nyuma yangu akiniambia nasoma vibaya.

Tulirudi kiwandani mara moja, yeye na mimi, wiki kadhaa baada ya ile faksi, kupeleka ukurasa mpya ubandikwe ukutani. Ilikuwa ile miezi ya baridi ya Guangzhou, baridi ya unyevu inayoingia mifupani. Tukapanda ghorofa ya tatu. Mlango ulikuwa wazi, umezuiliwa kwa tofali, na nyuma yake ngazi zinaonekana mpaka chini. A-Ping alikuwa kwenye mashine yake ileile, kitambaa amekizungusha shingoni mara mbili. Alipotuona akasimama, akamwambia Mzee Kuang maneno mengi kwa haraka, na hayakuwa ya shukrani.

"Anasema nini?"

"Anauliza ni nani aliyeleta habari ya kufungua mlango huu. Upepo unampiga shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Anasema wewe ni mgeni, watakusikiliza, uwaambie waufunge."

Nilisimama pale, na upepo wenyewe ukanipiga na mimi, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuona haya kuionyesha mbele ya mtu anayetetemeka.

"Mwambie aombe kuhamishiwa mashine nyingine," nikasema. "Kufunga, hapana."

Mzee Kuang akamwambia, wala hakuacha neno. A-Ping akafyonya, akakaza kitambaa chake shingoni, akakaa kwenye kigoda akizipa ngazi mgongo, akaendelea kushona.